Mbwa anapokufa barabarani, kartiye nzima imepewa onyo

Saa kumi na moja ya asubuhi, mu kartiye nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, mlango wa parsele unafunguliwa na mbwa anatoka. Hapa kwetu ni watu wachache wanaotembeza mbwa kwa kamba. Mbwa anajitembeza mwenyewe. Anapita kwenye lundo la takataka, anachungulia mfereji, anazunguka nyuma ya soko pale wanauza samaki na nyama ya kuchoma, anashuka kwenye shimo lenye majani, kisha anarudi kulala mbele ya mlango. Siku moja anarudi anayumba. Mate yanamtoka, miguu inatetemeka, macho hayamwoni mwenye kumfuga. Kabla ya saa sita ya mchana amekufa.

Majirani wanakusanyika. Mmoja anasema mbwa amerogwa. Mwingine anasema ni jirani mwenye wivu. Wa tatu anasema wezi ndio wanatayarisha njia, na usiku ule kila mtu analala jicho moja wazi. Mtoto anatumwa kumvuta yule mbwa kwa kamba mpaka kwenye takataka ao mtoni, na mambo yanaishia pale. Swali ambalo haliulizwi ni hili: alikula nini, na alikipata wapi?

Hilo ndilo swali tunaliuliza leo. Si kwa sababu mbwa ni mkubwa kuliko mtu. Katika majimbo yetu kuna vilio vingi kuliko kilio cha mbwa, na tunajua. Tunauliza kwa sababu mbwa anapita mahali palepale mtoto anapocheza, anatembea karibu na ardhi, na anaweka mdomo kila mahali. Kile alichokikuta asubuhi, mtoto anaweza kukikuta saa saba akitoka masomo. Mbwa akifa barabarani, ile ni habari ya kartiye nzima, si ya parsele moja.

Takataka, panya, sumu

Miji yetu imekua haraka kuliko huduma zake. Kwa miaka mingi watu walikimbia vita vya Rutshuru, Masisi na Nyiragongo wakaja kujaa Goma na pembeni yake. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, vita vikaingia Goma yenyewe, na katikati ya Februari vikafika Bukavu. Miji yote miwili ikawa mikononi mwa M23. Familia nyingi zilitoka na watoto na godoro kichwani. Mbwa hakupewa nafasi kwenye gari wala kwenye mtumbwi. Alibaki kulinda nyumba tupu.

Mbwa aliyeachwa haachi kula. Anatafuta. Na kitu cha kwanza anachokipata ni takataka, kwa sababu ndizo ziko nyingi. Lakini mahali takataka zinalundikana, panya nao wanazaliana. Mahali panya wako wengi, watu wananunua sumu. Na mahali sumu iko, mbwa anaikuta kwa njia mbili: anakula chambo chenyewe, kipande cha samaki ao bugali iliyochanganywa na dawa, ama anakula panya aliyekufa. Huo ndio mnyororo: takataka zinaleta panya, panya wanaleta sumu, sumu inamfikia mbwa. Ukitaka kukata mnyororo huu, hauwezi kuanza kwa mbwa peke yake.

Kuna pia sumu ambayo haikuwekwa kwa ajili ya panya. Mbwa wanaozurura wanauma watu, watu wanaogopa kichaa cha mbwa, na hofu ile ina haki. Basi mtu anachukua kipande cha nyama, anatia dawa, anatupa barabarani usiku. Mwizi naye anafanya vilevile ili mbwa asibweke. Asubuhi kipande kilichobaki kinalala pale kwenye mawe ya volkano, na hakina jina la yule aliyekusudiwa.

Sumu si moja

Ku soko, "dawa ya panya" ni jina moja lenye vitu vingi ndani. Kijana anapita na boksi shingoni, anauza vifuko vidogo vya unga ao vya punje, bila karatasi, bila jina la kiwanda, bila tarehe. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui anauza nini. Yeye anajua kitu kimoja tu: inaua. Lakini kwa mtu anayetaka kuokoa mbwa, ao kuokoa mtoto, tofauti kati ya sumu na sumu ndiyo tofauti kati ya kupona na kufa.

Aina ya kwanza ni zile zinazozuia damu kuganda. Ndizo nyingi katika dawa za panya za kiwandani, mara nyingi zenye rangi ya bluu, pinki ao kijani. Hizi haziui siku hiyohiyo. Mbwa anaonekana mzima siku mbili, tatu, hata tano, kisha anaanza kulegea. Ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani ao kwenye choo, anapumua kwa shida kwa sababu anavuja damu ndani. Wengi wanasema "aliugua gafla", kumbe alikula wiki iliyopita. Hii ndiyo sumu yenye matumaini, kwa sababu dawa yake ipo: vitamini K1, ikianzwa mapema na kuendelea wiki kadhaa kama veterineri anavyoamuru. Sindano moja na kurudi nyumbani haitoshi; sumu inakaa mwilini muda mrefu kuliko vitamini.

Aina ya pili ni dawa za shamba, zile za kuua wadudu, zinazotolewa kwenye mfuko wao na kuuzwa kwa kipimo kidogo kama dawa ya panya. Humo ndimo kabofurani, inayojulikana sana kwa jina la Furadan. Hii inashika neva. Ndani ya dakika ao saa chache mbwa anatoa mate mengi, anatapika, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, mwili mzima unatetemeka, kisha pumzi inakatika. Veterineri anaweza kutumia atropini, lakini lazima afikiwe haraka. Sumu hii ndiyo inaua pia watoto wanaookota na watu wazima waliokunywa kwa huzuni. Kwa hiyo swali la nani anaiuza, na kwa nani, si swali la wafuga mbwa tu.

Aina ya tatu ni fosfuri ya zinki, unga mweusi ao wa kijivu, wenye harufu inayofanana na kitunguu saumu ao samaki aliyeoza. Ikikutana na asidi ya tumboni inatoa hewa yenye sumu. Hapa kuna jambo wengi hawalijui: mbwa akitapika ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa ile inaweza kuwadhuru watu wanaomhudumia. Mbwa wa namna hiyo atolewe nje, penye upepo, na watu wasiiname juu ya matapishi yake. Sumu hii haina dawa yake maalum. Veterineri anasaidia mwili upambane.

Tuseme basi jambo la kwanza la kufanya: tafuta kile kifuko. Angalia mahali mbwa alipopita, okota mfuko ao mabaki ya chambo ukiwa umevaa plastiki mkononi, tia ndani ya mfuko mwingine, peleka kwa veterineri pamoja na mbwa. Kifuko kile, hata bila jina, kwa rangi na umbo lake kinasema zaidi kuliko maelezo yote ya majirani.

Maziwa, mawese na chumvi

Mbwa akianguka, kila mtu mu kartiye ni daktari. Mama mmoja analeta maziwa, papa mwingine analeta mafuta ya mawese, kijana anakoroga chumvi ndani ya maji. Nia ni nzuri, lakini tuseme ukweli.

Maziwa hayaui sumu. Mafuta ni mabaya zaidi: kuna sumu zinazoyeyuka ndani ya mafuta, na mwili unazichukua haraka kuliko zamani. Tena mbwa anayetetemeka hawezi kumeza vizuri, na mafuta yanaingia kwenye mapafu. Akipona sumu anaweza kufa na mapafu. Maji ya chumvi nyingi nayo ni sumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Makala ya jikoni yaliyosagwa si yale makala ya dawa ya hospitali. Hayana nguvu ile. Na kumtapisha mbwa aliyelegea ao anayeshikwa na degedege ni kumnyonga.

Kinachosaidia ni kidogo lakini ni cha kweli. Mwondoe mahali penye sumu ili asiendelee kula. Kama dawa iko kwenye manyoya ao miguu, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, wewe mwenyewe ukijikinga mikono. Mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo ili mate yatoke. Piga simu kwa veterineri ukiwa njiani, usingoje kuona kama "itapita". Sema alikula nini, saa ngapi, na kilo zake ni ngapi kwa kukadiria.

Na hapa lazima tuweke onyo kubwa. Mbwa mwenye sumu na mbwa mwenye kichaa wanaweza kufanana: wote wanatoa povu, wote wanayumba, wote wanaweza kuuma hata mwenye kuwafuga. Kama mbwa hajachanjwa, ao hamumjui ametoka wapi, musitie mkono mdomoni mwake hata kidogo. Mtu aliyeumwa ao aliyeguswa na mate kwenye kidonda aoshe pale kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha alama kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hakuna mti shamba wala jiwe jeusi linaloweza kuchukua nafasi ya chanjo.

Je, sumu inaondoa kichaa cha mbwa?

Hapa ndipo mjadala ulipo. Kuna wanaosema: "Mbwa wa barabarani wanauma watoto wetu, tufanye nini? Tuwalishe sumu waishe." Tusiwacheke. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema watu wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani wanakadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote, 99 kwa 100, waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 40 kwa 100 ni watoto wenye chini ya miaka 15. Mzazi anayeogopa ana sababu.

Lakini shirika hilohilo linasema kuua mbwa ovyo hakumalizi ugonjwa. Kinachoumaliza ni kuchanja angalau mbwa 70 kwa kila 100. Sababu iko wazi ukifikiri kidogo. Mbwa wa kwanza kula nyama yenye sumu si yule mwenye kichaa. Yule mara nyingi hawezi hata kumeza. Anayekula ni mbwa mzima, mwenye njaa, pengine yule aliyechanjwa na mwenyewe akalipa franga zake. Ukiua waliochanjwa, umeondoa ukuta. Nafasi yao inachukuliwa na wengine wanaotoka kartiye ya jirani, wachanga, wasiochanjwa. Baada ya miezi michache mbwa ni walewale kwa hesabu, lakini kinga imeshuka.

Tena sumu haikai pale ulipoiweka. Jirani zetu wa Uganda walijifunza kwa uchungu. Mwezi wa Aprili 2018, katika mbuga ya Queen Elizabeth, inayopakana na Virunga yetu, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, nane kati yao wakiwa watoto. Waliokula mzoga walikufa, na ndege wanaokula mizoga wako kwenye hatari ileile. Kama sumu ndani ya mzoga mmoja inaweza kulaza simba, vipande vya nyama vilivyotupwa kwenye avenyu yenye watoto, kuku, bata na nguruwe vitafanya nini? Na nguruwe aliyekula kitu kile, nani atamla Jumapili?

Kwa hiyo tuseme bila kuzunguka: kiongozi anayeruhusu nyama yenye sumu barabarani hajalinda watoto, amewaongezea hatari ya pili. Kama ni lazima kuondoa mbwa wanaouma na wasio na mwenyewe, kazi hiyo ifanywe na watu wa ufugaji, mchana, kwa njia inayojulikana, watu wakiwa wametangaziwa. Si usiku, si kwa mkono wa mtu asiyejulikana.

Goma na mazuku: hatari isiyo na harufu

Kuna kitu kingine ambacho mbwa wa Goma anakikuta, ambacho mbwa wa Bunia ao wa Butembo hawakijui. Ni mazuku. Magharibi ya mji, kutoka Himbi na Kyeshero kwenda Bulengo, Lac Vert mpaka upande wa Sake, kuna mabonde na mashimo kati ya mawe ya volkano ambamo gazi ya kaboni inatoka ardhini. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kutulia chini, kama maji kwenye beseni. Asubuhi mapema na usiku, wakati upepo umelala, inakusanyika zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma inapungua. Ndani ya mazuku kali inaweza kupita 10 kwa 100 ya hewa, na hapo mtu anapoteza fahamu haraka sana.

Sasa fikiri urefu wa mbwa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita pembeni ya shimo bila kusikia kitu, kwa sababu kichwa chake kiko juu ya gazi. Mbwa aliyeinamisha pua kutafuta mfupa yuko ndani kabisa. Mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira naye yuko ndani. Huko Italia, karibu na Napoli, kuna pango lililopewa jina la Pango la Mbwa kwa sababu hiyo. Zamani watu waliwaonyesha wageni namna mbwa anavyoanguka ndani yake wakati mtu aliyesimama haoni shida. Ulikuwa mchezo wa ukatili, lakini fundisho lake ni la kweli: mbwa anaanguka kwanza, mtu anafuata kama akiinama.

Ndiyo maana mbwa, mbuzi, panya na ndege waliokutwa wamelala pamoja ndani ya shimo moja, bila kidonda na bila povu, si habari ya uchawi. Ni alama ya mazuku. Na hapa kosa moja linaua watu: kushuka kumchukua mbwa. Anashuka mtoto kumfuata mbwa, anashuka kaka kumfuata mtoto, na wote wanabaki. Ukiona mnyama ameanguka chini ya bonde kama lile, usishuke. Kama una kamba yenye ndoano ao mti mrefu, mvute ukiwa umesimama juu. Kama hauna, mwache. Kisha weka alama, mawe ao kitambaa chekundu, ita shefu wa avenyu, na watu wa Observatoire Volcanologique de Goma wapate habari. Wao ndio kazi yao kupima gazi ile.

Watu waliojenga vibanda upande wa Bulengo wakikimbia vita walikuja kutoka milima ambako mazuku haijulikani. Hawakuzaliwa na onyo hili. Anayelijua amwambie mgeni wake kabla mgeni hajajifunza kwa kifo.

Mizoga, gunzi na vyuma

Si kila kitu kinachoua mbwa ni sumu. Wakati wa mahindi, barabara zetu zimejaa magunzi, ule mti wa katikati unaobaki mtu akimaliza kula muhindi wa kuchoma. Mbwa anaumeza kwa sababu una ladha ya chumvi na moshi. Tumbo haliwezi kuuvunja. Unakwama kwenye utumbo. Anatapika siku mbili tatu, hali, tumbo linamwuma, na bila kupasuliwa anakufa. Mifupa ya kuku na ya mbuzi iliyopikwa nayo inavunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Mfupa mbichi ni hatari kidogo kuliko uliopikwa, lakini si bila hatari.

Mizoga ni jambo lingine. Mwezi wa Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta kwenye mto Ishasha, kusini ya ziwa Edward, ndani ya Virunga. Mbwa ana nguvu ya kuvumilia kimeta kuliko ng'ombe, lakini anaweza kurarua mzoga na kueneza ugonjwa mpaka karibu na nyumba. Kwa wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, sheria ni moja: mnyama aliyekutwa amekufa haguswi, haliwi, na mbwa anafungwa mpaka mzoga uzikwe na wenye ujuzi. Na mnyama aliyekufa kwa sumu vilevile haliwi. Moto wa jikoni hauondoi sumu.

Mwisho, vyuma. Mapigano yameacha mabaki ya silaha kwenye mashamba, shule na vichaka. Mbwa anachimba, mbwa anaokota na kuleta. Akikuletea kitu cha chuma usichokijua, usimnyang'anye, usikirushe. Ondoka, ondoa watoto, mwite mbwa akiwa mbali akuache kile kitu, kisha peleka habari kwa viongozi ao kwa watu wanaotegua mabomu. Na watoto waambiwe: mbwa akiingia kichakani, hatumfuati.

Nani afanye nini?

Mwenye mbwa anaanza. Mbwa aliyekula nyumbani hatafuti sana barabarani. Mpe chakula kabla ya kufungua mlango, si baada. Kama hauwezi kumfunga siku nzima, mtoe kwa kamba asubuhi na jioni, dakika 20 zinatosha, na kamba iwe fupi pale unapopita takataka. Mfundishe neno moja tu, "acha", kwa njia rahisi: fumba kipande cha chakula ndani ya mkono, akinusa na kung'ang'ania usimpe, akirudisha pua nyuma sema "acha" na umpe kingine kilicho kizuri zaidi kwa mkono wa pili. Rudia kila siku mara chache. Baada ya wiki kadhaa neno lile linaweza kumwokoa. Usimpige akiwa ameokota kitu. Mbwa anayeogopa anameza haraka. Na mchanje, uhifadhi karatasi yake.

Mwenye kuweka sumu ya panya nyumbani aiweke ndani ya boksi lenye tundu dogo ambalo mbwa na mtoto hawawezi kuingiza kitu, ahesabu chambo kila asubuhi, na azike panya waliokufa kwa kina. Mtego wa chuma ao wa mbao, na paka, vinafanya kazi bila kuacha sumu nyuma.

Kartiye ina kazi yake, na haihitaji dola. Mbwa akifa gafla, shefu wa avenyu aandike mahali na siku ndani ya kaye. Mbwa watatu wakifa karibu na pahali pamoja ndani ya wiki moja, si bahati mbaya tena: kuna sumu, ao kuna mazuku, ao kuna ugonjwa. Watoto waondolewe pale na viongozi waambiwe. Mbwa aliyekufa azikwe kwa kina, mbali na kisima na mto, na wanaomzika wajikinge mikono.

Na wakubwa? Inspeksheni ya jimbo ya kilimo, uvuvi na ufugaji, ile tunaita IPAPEL, na wale wote wanaoshika madaraka leo hapa ao pale, wana mambo mawili ya kujibu. La kwanza: dawa za shamba zitauzwa ku soko bila jina mpaka lini? La pili: chanjo ya mbwa itafika namna gani baada ya uwanja wa ndege wa Goma kufungwa mwaka 2025, na barabara zikiwa hazina usalama? Chanjo inahitaji baridi tangu inapotoka mpaka inapochomwa. Ugonjwa hautazami nani anatawala upande gani wa barabara, na mbwa anapita barieri bila kuonyesha karatasi. Kama kuna jambo moja ambalo pande zote zinaweza kuliacha lipite, basi sanduku la chanjo lingekuwa moja.

Kesho asubuhi mlango utafunguliwa tena na mbwa atatoka. Akirudi mzima, vizuri. Asiporudi, ao akirudi anayumba, kabla ya kumtafuta mchawi, fuateni njia aliyopita, kwa uangalifu, muangalie chini. Watoto wenu watapita njia ileile saa saba.